Aliyefungwa bure akatoroka

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na hasira yako pia. Mwalimu wenu wa sheria kauliza: mtu kafungwa kwa kosa asilolitenda, akatoroka, kisha ukweli ukajulikana, je, ashitakiwe kwa kutoroka? Ukajibu hapana, darasa likakucheka. Sasa unataka nikutetee kwa kuwa nilivaa sare ya magereza miaka 22. Nitakutetea, mama, ila si mpaka mwisho.

Kule ndani karibu kila mtu husema kaonewa. Ukikaa sana, masikio yanaota sugu. Ndiyo maana mahakama nyingi, za Marekani kwa mfano, hushikilia kwamba mfungwa hajipi rufaa kwa miguu yake: akitoroka, kosa hilo linasimama peke yake hata hukumu ya kwanza ikifutwa baadaye. Ujerumani ni tofauti. Mfungwa anayejitorosha hana kosa la jinai kwa kule kutoka tu, maana wanakubali kwamba kutamani uhuru ni maumbile ya binadamu. Anayeadhibiwa ni aliyemsaidia. Akikamatwa anarudishwa kumalizia kifungo, na kama alivunja au alipiga mtu, kwa hayo anajibu.

Najua watakuletea Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyehukumiwa kifo, aliyekataa kutoroka ingawa rafiki yake Crito alikuwa tayari kumtorosha. Sawa. Mzee wa miaka 70 akichagua kufa kwa kuheshimu sheria za mji wake, hiyo ni hiari yake. Huwezi kuigeuza kuwa wajibu wa kijana aliyeacha mtoto mchanga nyumbani.

Wewe wapelekee Dreyfus, yule ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa kwa uhaini mwaka 1894 na kupelekwa Kisiwa cha Shetani, kisiwa cha wafungwa karibu na pwani ya Amerika Kusini. Alitulia, akaandika barua, akangoja. Mwaka 1896 gazeti moja la Uingereza likaandika kwamba katoroka. Uongo mtupu, lakini usiku walianza kumfunga pingu kitandani, na kibanda chake wakakizungushia uzio. Alisafishwa jina mwaka 1906. Mtu aliyetulia kama sheria inavyotaka aliadhibiwa kwa kutoroka ambako hakukuwapo! Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba kutulia humlinda asiye na hatia.

Kwa hiyo kule kukimbia tu nisingemwadhibu. Dola iliyomweka ndani kimakosa ina deni kwake, na mwenye deni hapigi kelele mlangoni.

Lakini sikiliza. Usiku mmoja mfungwa alimpiga mwenzangu wa zamu kwa nondo ili apite. Baadaye tulinong'onezana kwamba huenda yule bwana hakuua mtu yeyote. Sawa, lakini sikio la mwenzangu halikuwa limemhukumu mtu, na tangu siku ile halisikii. Kwa pigo lile mfungwa ashitakiwe, hata awe msafi kama maji ya mvua. Kisha hakimu apige hesabu: kama kakaa miaka 9 bure, na kumjeruhi askari ni miaka 3, aende zake nyumbani.

Jana nilimpigia simu mwenzangu kumuuliza kama hesabu hiyo ni ya haki. Akanyamaza. Kisha akasema nirudie swali, alikuwa kaiweka simu upande ule mbovu.

Baba yako