Sainaidi haimo migodini tu, imo pia katika makopa

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita ilieleza vyema hatari ya sainaidi kwa wachimbaji wa dhahabu huko bara, lakini ilimwacha msomaji wa Pemba akidhani kwamba jambo hili halimhusu, hali ya kuwa sumu hiyohiyo inaweza kutoka katika muhogo alioupanda nyuma ya nyumba yake.

Muhogo, hasa ule mchungu, una kitu kiitwacho linamarini. Unapokatwa, kukunwa au kutwangwa, linamarini hukutana na kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuivunja, kilichomo humohumo, na hapo ndipo sainaidi inapotoka kwa namna ya hewa. Sumu hii ikiingia mwilini huzizuia seli kuitumia oksijeni, kwa hiyo damu huwa imeibeba oksijeni ya kutosha na bado moyo na ubongo vikaikosa. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kutapika. Ikizidi hushikwa na degedege, huzimia, na aweza kufa katika muda mfupi.

Kula kidogo kidogo kila siku nako kuna madhara yake. Upo ugonjwa uitwao konzo, ambao huikakamaza miguu yote miwili kwa ghafla na haurudi nyuma. Ulizuka Tarime, mkoani Mara, katika miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu walipokula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri na kitoweo hakuna. Kitoweo nakitaja kwa makusudi, kwani mwili hutumia salfa itokanayo na protini kuigeuza sainaidi iwe kitu kinachotoka na mkojo. Bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa si sawa na bada kwa chai ya rangi, na sisemi hivyo kwa sababu tu nampenda papa.

Bibi yangu alikuwa akimenya muhogo, akiuroweka siku 3 au 4 hadi ulainike, ndipo auanike. Kiangazi kilichopita nilinunua makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, meupe, magumu, yaliyomenywa na kuanikwa siku hiyohiyo bila ya kuguswa na maji. Nilipomuuliza muuzaji, alinijibu kwamba yaliyorowekwa huingia weusi na wanunuzi hawayataki. Jua peke yake halitoshi, kwa kuwa kipande kikikauka upesi kimeng'enya husita kabla ya kuimaliza kazi yake, na linamarini nyingi hubaki ndani. Tena ukame wenyewe huuzidisha uchungu wa muhogo, yaani sumu huongezeka wakati uleule tunapoutegemea zaidi.

Kisamvu nacho kitwangwe kwanza, kiachwe kidogo, kisha kichemshwe bila ya kufunikwa.

Aliyekwisha kununua unga anaoutilia shaka auchanganye na maji, autandaze mwembamba juu ya sinia kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, hewa ya sumu itoke, halafu ausonge siku hiyohiyo.

Ninaomba mabwana shamba watuandikie katika ukurasa huu ni mbegu zipi za muhogo, kati ya zinazogawiwa wakulima, zilizo chungu, maana mwaka jana nilipewa vipando bila ya kuambiwa chochote, nikaujua uchungu wake siku ya kuvuna.

Mwalimu mstaafu,
Konde, Pemba