Kwa vijana wa ulingoni: kengele nimeondoka nayo

Wanangu wa ngumi, na nyinyi makocha mnaopenda kuitwa walimu,

Jumamosi mliniamkia nikapita bila kuitikia, na nasikia mmeulizana mzee kanuna nini. Nawajibu hapahapa mtandaoni, maana ndiko mlikorusha ile video.

Walioiona wamemwona kijana wa kilo 61 kawekwa na bondia wa kilo 72 anayejiandaa na pambano. "Msaidie kaka yako ajinoe." Raundi ya pili dogo akala ngumi ya pembeni, ya kushoto, magoti yakalegea, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kiti gizani. Mkacheka. Mtu akammwagia maji kisogoni, kocha akapiga makofi, "Kaza, wewe dume!", akarudishwa akala raundi mbili nyingine. Simu tatu zinarekodi.

Ambacho hamkurekodi ni hiki. Nilipokuwa namfungua bandeji mikononi aliniuliza, "Mzee, tunaanza saa ngapi?" Nikamwambia tumeshamaliza, mwanangu. Akasema sawa. Nilipofika mkono wa pili akaniuliza tena, kwa sauti ileile, kwa adabu ileile.

Swali hilo nalijua, na ndiyo maana sikuweza kuitikia salamu ya mtu. Miaka ya themanini nilikuwa namshikia ndoo rafiki yangu, tumepanga chumba kimoja, sufuria moja. Akidondoka mazoezini mimi ndiye niliyemnusisha amonia, nikampiga vibao vya mashavu, nikamsukuma arudi. Nilijiona sekondi hodari, msaidizi wa bondia wa pembeni mwa ulingo. Kwenye mapambano alipigwa KO, yaani kuzimwa asiweze kuendelea, mara moja tu maisha yake yote, rekodi ya kujivunia. Mazoezini hatukuhesabu. Leo nikienda kumjulia hali tunaletewa chai, anatia sukari vijiko viwili, anakoroga, anakiweka kijiko kwenye sahani, anakitazama, kisha anatia tena viwili. Siku hizi mkewe analiondoa kopo mapema kabla hajaliona. Majirani wanasema karogwa, wengine wanasema gongo. Hajawahi kuonja gongo. Amonia alinusa, tena mkononi mwangu.

Kwa hiyo nikisema neno kuhusu sparingi, haya mapigano ya mazoezi, msidhani naongea kwa usafi.

Pigeni hesabu na mimi. Kambi ya wiki nane, sparingi mara tatu kwa wiki, raundi sita kila mara: hizo ni raundi 144. Mnajiandaa na pambano la raundi kumi. Zile kumi zina refa, zina daktari, na ukizimwa unapumzishwa kwa lazima. Zile 144 nani anaziandika? Hakuna. Kocha ndiye refa, ndiye daktari, na mara nyingi ndiye anayechochea. Ubongo nao hauna habari kama ngumi hii ni ya mkanda au ya mazoezi.

Wala si elimu ya jana. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia wanaoyumba kama walevi na akili kuzubaa. Miongoni mwa walioumia zaidi aliwataja wale wa daraja la pili, wanaokodishwa kuwa mifuko ya mazoezi ya wenzao, wanaoangushwa mara kadhaa kwa siku. Karibu miaka mia, na dogo wetu wa Jumamosi alishaandikwa.

Mtaniambia mnavaa kofia ya kinga. Vaeni, inazuia kuchanika nyusi. Lakini shika dafu ulizungushe ghafla: ganda linageuka, maji yanabaki nyuma. Ndivyo kichwa kinavyofanywa na ngumi ya pembeni, na kofia haiko ndani kwenye maji. Ngumi za ridhaa za kimataifa ziliwavua wanaume wakubwa kofia hizo mwaka 2013, maana hata wao hawakuona kwamba zinaukinga ubongo.

Na usimwamini mtu eti kwa sababu anatembea. Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Seoul 1988, dhahabu pekee ya ngumi nchini mwake, alisimamishiwa pambano Las Vegas Julai 1994 na akalalamika kwamba refa kaharakisha. Alizimika baadaye chumbani. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26.

Mengine nayasema haraka, kwa sababu mnayajua. Usifanye sparingi siku unazokausha mwili kutafuta kilo. Aliyetikiswa harudi ulingoni siku hiyo, wala wiki hiyo, na maumivu ya kichwa yakiwa bado yapo habari ya ngumi haipo. Asimeze aspirini. Asilale chumbani peke yake. Akitapika, akianza kusinzia ovyo, mboni moja ikiwa kubwa kuliko mwenzake, msisubiri asubuhi, bebeni mpeleke hospitali. Sparingi ngumu ziwe chache, na uzito ulingane. Begi lipo. Pedi zipo. Kivuli chako kipo na hakirudishi ngumi.

Lakini sitawasukumia vijana lawama zote. Dogo yule alilipwa nauli na soda. Ndugu zangu mapromota, mnamleta mtu wa gari zuri apigwe picha na mkanda, na yule aliyemnoa kwa kichwa chake hamjui hata jina. Akiumia kambini si bondia wenu, hana pambano, hana mkataba, ni mtoto wa watu tu. Mashabiki nao, mnaoandika "mtoto wa mama" chini ya video kila anapoonekana mtu kainua mkono kuomba kusimama. Mimi naandika miaka sabini inakaribia, na kushoto kwangu vidole vinatetemeka nikishika kikombe. Daktari anasema huenda ni uzee. Huenda.

Wewe mwanangu wa kilo 61, dada yako amenipigia leo. Amesema umelala vizuri, umekula, ila mwanga unakuumiza macho. Baki ndani. Glovu zako ninazo, ziko juu ya kabati langu, hazitaibiwa. Aliyekuahidi pambano la utangulizi nimeshaongea naye, amekasirika, atapoa.

Na nyinyi wengine, mkiitafuta kengele kesho saa kumi jioni, nimeondoka nayo. Kocha aje nyumbani kwangu kuichukua, aje na daftari na kalamu. Tutaanza kuandika nani kapigwa nini, siku gani, raundi ya ngapi. Asipokuja, rukeni kamba.