Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Aliyepigwa Mionzi ya Kichwa Apewe Kadi ya Kudumu

Mheshimiwa Waziri,

Mdogo wangu alitibiwa uvimbe wa ubongo aina ya meduloblastoma akiwa na miaka 9. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, akapona, akasoma hadi akaajiriwa. Miaka 16 baadaye alianza kuumwa kichwa vikali, macho yakaacha kuona upande wa kushoto, na mkono wa upande huo ukalegea. Hospitali tuliyomkimbiza ilimpima kwa CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka), ikaona picha haina tatizo, ikamwanzishia matibabu ya kiharusi. Hakuna aliyeuliza habari za mionzi, nasi hatukuzitaja, kwa kuwa hatukudhani kwamba tiba ya utotoni ingeweza kurudi kudai chake.

MRI (picha za sumaku) aliyopigwa kwingine baada ya siku sita, kwa sindano ya gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, ilionyesha gamba la ubongo upande wa kulia limevimba na kung'aa likifuata mikunjo yake, bila kufuata eneo la mshipa mmoja kama kiharusi kilivyo kawaida yake. Daktari aliyeisoma aliuliza swali moja tu: aliwahi kupigwa mionzi? Hali hiyo huitwa SMART, yaani mashambulio ya kipandauso yanayofanana na kiharusi baada ya tiba ya mionzi, hutokea miaka mingi baada ya tiba, na mara nyingi hutulia katika wiki kadhaa. Mdogo wangu sasa anaona.

Mheshimiwa, nekrosisi itokanayo na mionzi, yaani kufa kwa tishu za ubongo, nayo huweza kufanana mno na saratani iliyorudi, na vidoa vya damu ambavyo mionzi huacha ubongoni huonekana vizuri kwa picha za MRI za aina ya SWI, ambazo daktari asiyejua historia ya mgonjwa huenda asiziombe. Mashine peke yake hazitoshi, ingawa najua jinsi zilivyo chache mikoani.

Naomba uagize kila anayemaliza mionzi ya kichwa, katika hospitali za Ocean Road, Bugando na kwingineko, apewe kadi inayotaja mwaka, sehemu iliyopigwa, jumla ya grei (kipimo cha dozi ya mionzi) na idadi ya vipindi, nakala yake itunzwe hospitalini hata baada ya mtoto kuwa mtu mzima, na fomu ya kuombea CT au MRI ya kichwa iwe na swali lile lile moja.

Wako mtiifu,
Dada wa mgonjwa, Morogoro