Serikali ikitaka taarifa zetu, ipite kwa hakimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninalokutana nalo mezani pangu kila siku ya kazi. Mimi ni fundi simu. Mawakili na wanasiasa wanalijadili kwa lugha yao, lakini sisi tunaoshika simu za watu tunaliona likiwa bichi.

Simu ikiletwa kwangu kwa sababu inapata moto na chaji haikai, huwa nafungua mipangilio, kwa idhini ya mwenyewe, nitazame ni programu gani zinafanya kazi chini kwa chini na zimepewa ruhusa gani. Juzi mama mmoja mtu mzima alikaa kando yangu tukazipitia moja moja. Tochi: inaruhusiwa kujua mahali alipo. Mchezo aliowekewa na mjukuu wake: majina na namba zote za simu alizohifadhi. Programu ya kupamba picha: maikrofoni. Akaniuliza, "Sasa fundi, tochi inataka kujua nilipo ya nini?" Nikamwambia, "Mama, tochi yenyewe haina haja hiyo. Mwenye haja ni aliyeitengeneza, kwa sababu mahali ulipo panauzika."

Sikuwa namtisha. Mwaka 2013 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni moja iliyotengeneza programu ya tochi iliyokuwa imepakuliwa mara mamilioni. Ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji kwa mitandao ya matangazo. Kibaya zaidi, taarifa zilianza kutoka hata kabla mtu hajabonyeza kukubali au kukataa masharti.

Mitandao ya kijamii ndiyo ghala kubwa kuliko yote. Mwaka 2011 mwanafunzi wa sheria wa Austria, Max Schrems, aliitaka Facebook impe kila ilichohifadhi kumhusu. Alipokea zaidi ya kurasa 1,200, na ndani yake mlikuwa na ujumbe ambao yeye alijua ameshaufuta. Wateja wangu wengi wanaamini kwamba wakibonyeza "futa" jambo limekwisha. Kwenye simu, labda. Huko kwenye seva mwenye kauli ni kampuni.

Wapo watakaosema hizi ni biashara za matangazo, mtu anaonyeshwa viatu anavyovipenda, kuna ubaya gani? Wasiwasi wangu mkubwa uko kwingine. Kampuni ikikusanya kwa ajili ya kuuza viatu, ghala lipo, na serikali inajua lilipo.

Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi NSA, shirika la ujasusi la Marekani, kupitia kandarasi, alipotoa hadharani nyaraka za shirika hilo, dunia ilisikia kwa mara ya kwanza habari za PRISM, mpango wa kuchukua mawasiliano ya watu kutoka Google, Facebook, Apple na wengineo. Watu walishtuka, na walikuwa na haki. Hata hivyo, pale palikuwa na mahakama iliyoidhinisha utaratibu, japo vikao vyake vilikuwa vya siri. Siku hizi kuna njia nyepesi kuliko hiyo, nayo ni kununua.

Tazama ilivyokwenda. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi wakitaka kumbukumbu za mienendo ya mtu kutoka kampuni ya simu, kwa kawaida lazima wapate hati ya hakimu. Katika kesi hiyo zilichukuliwa kumbukumbu za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali alipopita mtu mmoja. Ukiweka alama hizo kwenye ramani unajua anakolala, anakoabudu na anakotibiwa. Uamuzi ule ulikuwa mzuri sana. Lakini haukusema lolote kuhusu vyombo vya dola kwenda kwa madalali wa data na kulipia taarifa za aina hiyohiyo, zilizovunwa na programu za kawaida kama zile za yule mama. Mwaka 2023 ilitolewa hadharani ripoti ya ofisi inayosimamia idara za ujasusi za Marekani, ikikiri kwamba idara hizo zinanunua taarifa kama hizi na kwamba ni nyeti kwa kiwango cha kuweza kumdhuru mtu.

Mfano ulioniuma zaidi ni wa mwaka 2020. Motherboard, jarida la mtandaoni la habari za teknolojia, liliripoti kuwa Muslim Pro, programu inayowaonyesha Waislamu saa za swala na upande wa kibla, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba X-Mode iliwauzia makandarasi wanaofanya kazi na jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kukata uhusiano huo. Sawa, lakini mtu aliyekuwa akitafuta kibla hakuulizwa na yeyote.

Polisi nao wamo. Mwaka 2016 chama cha kutetea haki za raia cha ACLU kilifichua kwamba Facebook, Instagram na Twitter zilikuwa zikiipatia kampuni ya Geofeedia machapisho ya watu, nayo ikiwauzia polisi huduma ya kufuatilia waandamanaji. Mitandao hiyo ilikata huduma ilipobanwa. Kabla ya hapo ilikuwa kimya.

Najua jibu la wengi: "Mimi sina cha kuficha." Nalisikia mezani karibu kila siku, tena kwa watu wema. Ningewaomba wakumbuke sakata lililolipuka mwaka 2018 la Cambridge Analytica, kampuni ya kushauri kampeni za siasa iliyopata taarifa za watu kupitia programu ya maswali kwenye Facebook. Waliojibu maswali ya programu hiyo walikuwa kama 270,000. Waliochukuliwa taarifa zao, kwa hesabu ya Facebook yenyewe, huenda walifika milioni 87, kwa sababu programu iliingia hadi kwa marafiki wa waliojibu. Kwa hiyo wewe usiye na cha kuficha, ukikubali tu, umemkubalia na dada yako, na mgonjwa wako kama wewe ni muuguzi, na mwandishi wa habari aliyewahi kukupigia.

Sisemi polisi wafungwe mikono. Mtoto akitekwa, simu yake ifuatiliwe dakika hiyohiyo na maelezo yapelekwe kwa hakimu baadaye. Hakuna mzazi atakayelipinga hilo. Ninachopinga ni kufuatilia watu wote kwanza ndipo mtuhumiwa atafutwe miongoni mwao.

Ombi langu kwa watunga sheria, wa nchi yoyote, ni hili: taarifa ambayo serikali haiwezi kuichukua bila hati ya hakimu, isiweze kuinunua bila hati hiyo. Hata kama muuzaji yuko tayari. Hata kama mtumiaji alibonyeza "nakubali" bila kusoma, maana tunajua hakuna anayesoma, na masharti yameandikwa yasisomeke. Pia uchunguzi ukimalizika, aliyechunguzwa aambiwe, apate nafasi ya kulalamika kama ameonewa.

Kampuni nazo zisijifiche nyuma ya serikali. Google ilianza mwaka 2010 kutangaza ni maombi mangapi ya taarifa inapokea kutoka kila nchi, na nyingine zikafuata. Serikali zinazoomba zitoe hesabu za upande wao pia, zionyeshe ni maombi mangapi yalipitia kwa hakimu na ni kiasi gani cha fedha za umma kililipwa kwa madalali wa data. Takwimu hizo ziwekwe mbele ya bunge kila mwaka pamoja na bajeti, wabunge wazihoji kama wanavyohoji matumizi mengine.

Msomaji wako,
Fundi simu