Kwa Rashidi, kuhusu miji isiyolala

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na natumaini nawe na wa nyumbani hamjambo. Barua yako nimeipata, na nimecheka pale ulipoiita miji ya Ulaya vigeugeu: jana ilimwita mtalii kwa matarumbeta, leo inamfukuza na vinywaji vyake. Nusu ya hayo nakubali. Nusu nyingine nakubishia.

Tazama Prague, mji mkuu wa Wacheki. Mwaka 2024 madiwani wake walipopitisha marufuku, hawakugusa bia (nani angethubutu, mbele ya Wacheki?). Walichokataza ni ile misafara ya kulipia, ambapo kiongozi anakusanya watu na kuwazungusha baa hadi baa, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ukitoka na rafiki zako mkanywa, hiyo ni shauri yenu. Hapo ndipo nawavulia kofia, maana wamemfuata mwenye biashara. Yeye hukusanya watu wasiojuana, huchukua pesa zao kabla, huwachangamsha kwa vinywaji vya mwanzo, kisha huwaswaga mtaani katikati ya nyumba za watu. Faida anatia mfukoni, kelele anamwachia mwenye kitanda ghorofa ya pili.

Unasema wakazi wavumilie, kwani kila mtu alikuwa kijana. Sawa, lakini hesabu usiku wenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu wa wikendi siku ya tatu haifikii! Ijumaa anatua, Jumapili anaondoka, na Ijumaa ijayo anatua mwingine mwenye fulana ileile iliyoandikwa jina la bwana harusi. Kwake ni usiku mmoja wa kumuaga kapera, atausimulia mpaka uzeeni. Kwa mama mwenye mtoto mchanga dirisha la juu, ni wimbo uleule kila wiki, ukifuatiwa na magurudumu ya masanduku yakigonga mawe ya barabara alfajiri.

Na hizo baiskeli za bia za Amsterdam sijui kama umewahi kuziona hata pichani. Ni mkokoteni wenye kaunta ndefu katikati na pipa la bia. Abiria wanakaa pande mbili, wanatazamana, wanakanyaga pedali huku wanakunywa, na asiyelewa ni mmoja tu aliyeshika usukani. Mwendo wake wa kinyonga, nyuma foleni ya magari, mbele nyimbo. Mji ulipoamua kuziondoa katikati, wenye nazo walikwenda mahakamani wakashindwa, na mwaka 2017 zikaondoka. Sioni aliyedhulumiwa hapo.

Ila Amsterdam hiyohiyo ilinikera mwaka 2023. Walitoa matangazo ya mtandaoni ya kuwaambia wanaume wa Uingereza wa miaka 18 hadi 35 wakae mbali, pamoja na video ya kijana anayetiwa pingu. Ulipotafuta kwenye intaneti sherehe ya makapera mjini humo, onyo lilikutokea. Yaani kosa lako lilikuwa umri wako na pasipoti yako, hata kama ulikuwa unakwenda kutazama michoro. Hapo nipo upande wako kabisa.

Visiwa vya Balearic vya Hispania walifanya vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Sheria yao ya 2020 iliwabana wauzaji wa maeneo ya starehe ya Magaluf, Playa de Palma na Sant Antoni: hakuna nunua moja upate ya pili bure, hakuna lipa mara moja unywe hadi ushindwe, na maduka hayauzi pombe kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka saa mbili asubuhi. Faini za juu kabisa zinafika euro 600,000. Sheria hiyo iligusa pia wale wanaoruka kutoka roshani za hoteli kwenda kwenye bwawa la kuogelea. Vijana wamekufa kwa mchezo huo, Rashidi, na kinywaji cha bei ya kutupa kina mkono wake.

Kasoro naziona. Kiongozi wa msafara anaweza kuvua fulana yake ya kazi, akajifanya rafiki tu aliyetoka na wenzake, na polisi atathibitisha vipi? Tena kelele ukizifukuza mtaa huu, huenda zikahamia wa pili, ambao wakazi wake hawana diwani mwenye sauti.

Swali lako la wahudumu na waongozaji, ambao mkate wao ni usiku huo, sijalijibu, najua. Nadhani baa haifungwi kwa sababu ya kukosa msafara wa walevi; mteja anayeketi na kuagiza chakula naye analipa. Lakini wewe umefanya kazi ya kaunta na mimi sijafanya, kwa hiyo niandikie unionyeshe nilipokosea hesabu.

Nisalimie mkeo na watoto.

Wako,
Idi