Chungu kile kilikuwa cha mwanamke

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda Kampala na mjukuu wangu wa darasa la sita, tukaingia katika makumbusho moja. Ndani ya kioo palikuwa na chungu kilichotobolewa kitako, na kibandiko: "Chungu cha chumvi, Bunyoro." Basi. Mtoto akaniuliza, "Kaaka, wanaume wa zamani walikitumiaje?"

Niliumia. Bibi yangu, empaako yake (jina la heshima na mapenzi la Wanyoro) Abwooli, alikuwa na shamba la chumvi Kibiro, chini ya ukuta wa bonde la ufa, kando ya Ziwa Albert. Mashamba yale ni ya wanawake. Mama humrithisha binti. Baba alikuwa polisi na nilikulia kambini Masindi, ndiko nilikookota Kiswahili hiki, lakini kila likizo nilishuka kwa bibi. Alinyunyiza udongo mkavu juu ya ardhi iliyolowa maji ya chemchemi za moto, jua likiwaka udongo ukanyonya chumvi. Aliukwangua, kesho yake akautandaza tena, siku kadhaa, hadi alipouonja kwa ulimi akaridhika. Ndipo ukatiwa chunguni na kumwagiwa maji, yakadondoka tone kwa tone katika chombo cha chini, nayo ndiyo yaliyochemshwa mpaka ikabaki chumvi. Kibiro ni pakame, mazao hayastawi, kwa hiyo chumvi ndiyo iliyoleta chakula nyumbani. Wachuuzi waliisambaza mbali katika ufalme wa Bunyoro. Habari za mfalme Kabalega tunazisoma. Waliokoleza chumvi ya ufalme wake hatuwasomi.

Makumbusho yakikumbuka wanawake, huanza na wakubwa. Nawaheshimu. Muhumuza, aliyepambana na wakoloni huko Kigezi hadi wakamkamata 1911 na kumzuilia Kampala mpaka kifo chake 1945, anastahili ukuta mzima. Lakini mkono uliokwangua udongo nao utajwe.

Ombi langu kwa wasimamizi ni dogo. Wanawake wa Kibiro bado wapo kazini. Waiteni, muwalipe nauli na posho, wakieleze chombo chao wenyewe, kwa Kinyoro na kwa Kiswahili, na sauti zao zihifadhiwe. Wa kwanza kuingia ataona kosa papo hapo: chungu kile kimewekwa juu ya mafiga, na chungu cha kuchujia hakiwekwi motoni.

Amooti,
Hoima