Tukikosa pumzi tupimwe, tusiambiwe ni umri

MHARIRI,

Naomba nafasi nilisemee jambo ambalo sisi wanawake wa soko la Mwaloni, Kirumba, huwa tunalizungumza tukiwa wenyewe tu, wanaume wakishaondoka mezani.

Ninakaa Bugarika, juu kule kwenye mawe. Anayepajua anazijua ngazi zetu: nyingine za saruji, nyingine ni mwamba mtupu uliolainishwa na miguu ya watu. Mwaka juzi hedhi ilianza kunivuruga. Miezi inapita kimya, halafu inakuja ya mabonge, wiki nzima na zaidi. Usiku joto linanipanda kutoka kifuani hadi utosini, natupa shuka. Hayo nilishayasikia kwa dada zangu. Lakini pumzi! Napanda na ndoo tupu, katikati ya ngazi nashika jiwe, moyo unakwenda mbio, wajukuu wananipita wakicheka.

Nilikokwenda kwanza nilijibiwa, "Mama, huo ni umri, punguza mawazo." Hata presha sikupimwa. Jirani naye akasema nimetupiwa kitu. Kituo cha pili, muuguzi kijana alinivuta kope ya chini, akaitazama, kisha akanitoboa kidole. Damu 8, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kumbe ile hedhi ya mabonge ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma na kuandikiwa utrasaundi ya kizazi. Nikaambiwa nisivimeze na chai, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Muuza dagaa wa alfajiri kukosa chai ya rangi ni adhabu, ila nimeisogeza mbali na dawa. (Dagaa nao wana chuma, na hapo sijitangazii biashara.)

Mwenzangu anayekaanga sangara kwa kuni alikuwa analalamika vilevile. Yeye damu ilikuwa nzuri. Tatizo ni presha, na moyo umeanza kupanuka. Aligundulika baada ya kusema hawezi kulala chali, usiku anashtuka akitafuta hewa. Ndiyo maana jibu la "ni umri" silikubali. Wengi wetu hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na ndipo presha na maradhi ya moyo yanapoanza kutunyemelea. Kweli, lile joto la ghafla nalo laweza kukubana pumzi kwa dakika chache kisha likapita. Utajuaje ni lipi bila kupimwa?

Nikibanwa kwenye ngazi nakaa, nainama mbele kidogo, mikono magotini, navuta hewa puani, naitoa polepole mdomoni kama ninayepoza uji. Inatuliza, haitibu. Ila ukiona kifua kinauma, mguu mmoja umevimba ghafla, midomo imebadilika rangi au unakohoa damu, usikae kupuliza. Panda bodaboda uende hospitali. Na aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu tena hata tone, akachunguzwe.

Mjamzito ana kadi yake ya kliniki, mtoto ana yake. Sisi tuliovuka huko tunarudi nyumbani na panadol. Naomba waganga wakuu wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela waziagize zahanati zao: mwanamke wa umri huu akisema anakosa pumzi, apimwe presha na wingi wa damu, kifua kisikilizwe, na aulizwe hedhi yake ikoje. Vifaa vya kazi hiyo si vya ajabu. Na wakija Mwaloni na meza za upimaji, waje mchana mnada ukiisha, siyo alfajiri tunapogombania dagaa.

Muuza dagaa,
Bugarika, Mwanza